Sura ya Tano: Nani Atatoa Uloto?

Mwaka 1961 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu la Ford. Walizunguka hospitali za Afrika Mashariki mpaka Afrika Kusini wakiwa na picha za watoto waliovimba taya, na kila walipofika waliuliza kama kuna mtu pale amewahi kumwona mtoto wa namna ile. Majibu yalijichora kwenye ramani. Penye joto, mvua na mbu, uvimbe ulikuwepo; kwenye miinuko yenye baridi ulikuwa nadra au haukuonekana kabisa. Baadaye wataalamu waliunganisha mambo mawili: malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, na kirusi cha Epstein-Barr, kilichotambuliwa mwaka 1964 katika chembe za uvimbe zilizotumwa London kutoka Kampala.

Burundi ni nchi ya vilima, na sehemu kubwa ya vilima hivyo iko upande wa baridi wa ramani ile. Kinama haiko huko. Mtaa huu wa kaskazini mwa Bujumbura umekaa kwenye tambarare ya Imbo, karibu mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, jirani na Kamenge, Cibitoke na Buterere. Maji ya mvua hutuama, mitaro haikauki, na ukielekea kaskazini zaidi unakutana na mashamba ya mpunga ya Gihanga. Mbu ni wakazi wa hapa kama walivyo watu. Kwa hiyo limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga zinazokaa kwenye tezi, ambayo uvimbe ule wa taya ni aina yake mojawapo, si ugonjwa wa kigeni Kinama, hata kama jina lake halitajwi kila siku.

Safari ya Burkitt inatufaa kwa jambo jingine pia. Familia nyingi zikisikia daktari anataja kupandikiza uloto, hudhani ni jambo lililobuniwa juzi huko Ulaya au India, na kwamba sisi tunalipokea tu. Mwaka huohuo wa 1961, jarida la Lancet lilichapisha ripoti kutoka Nairobi. Peter Clifford na wenzake, akiwemo Reginald Clift, walieleza jinsi walivyotoa uloto wa wagonjwa wa saratani, wakawapa dawa kali kuliko kawaida, kisha wakawarudishia uloto wao wenyewe. Clift alikuja kujiunga na kikosi cha E. Donnall Thomas huko Seattle, na Thomas alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi ya upandikizaji. Kampala nayo ilifungua kituo cha kutibu limfoma mwaka 1967 chini ya John Ziegler, Mmarekani kijana. Mwaka 1978 Frederick Appelbaum na wenzake, Ziegler akiwa mmoja wao, waliripoti kutoka Marekani wagonjwa wa limfoma waliorudishiwa uloto wao uliokuwa umegandishwa, ukashika tena. Sehemu ya mzizi wa tiba hii iko kwenye ardhi yetu, na hilo lisisahaulike tunapozungumza kuhusu nani anastahili kuipata.

Uloto ni ule ute ulio ndani ya mifupa, na ndani yake mna seli shina zinazozalisha damu yote: chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Dawa za saratani huua chembe zinazogawanyika upesi, za saratani na za uloto kwa pamoja. Daktari akitaka kuongeza dozi mpaka limfoma ife kabisa, uloto nao utakufa, na mtu asiye na uloto haishi. Mkulima wa Gihanga angelielewa hili bila kuchorewa: ukitaka kumwaga dawa ya kuua kila kitu shambani, kwanza ng'oa miche mizuri uiweke kando, halafu uirudishe ardhi ikishasafika. Swali la sura hii ni miche hiyo itoke wapi.

Katika limfoma nyingi, jibu la kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Watu hushangaa wakiambiwa hivyo, kwa sababu picha waliyo nayo kichwani ni ya ndugu anayelala kitanda cha pili. Lakini kwa limfoma ya Hodgkin iliyorudi, na kwa limfoma kali ya chembe kubwa iliyorudi, njia iliyothibitishwa kwa miaka mingi ni kutumia seli za mgonjwa. Utafiti unaoitwa PARMA, uliochapishwa mwaka 1995, uliwalinganisha wagonjwa ambao limfoma yao kali ilikuwa imerudi ila bado inasikia dawa. Baada ya miaka 5, asilimia 46 ya waliopandikizwa seli zao walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa, dhidi ya asilimia 12 ya waliopewa dawa za kawaida pekee. Sharti ni lile nililolitaja: ugonjwa uwe bado unasikia dawa. Limfoma iliyogoma kabisa mbele ya dawa haitatibiwa vizuri kwa kuongeza dozi ya dawa zilezile, na daktari anayekataa kumpandikiza mgonjwa wa namna hiyo hamnyimi haki yake. Na niseme wazi kwamba limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya wa watoto, ikiwahiwa na kutibiwa kikamilifu, wengi hupona kwa dawa peke yake, bila kupandikizwa chochote.

Kuzikusanya seli ni kazi ya utulivu kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa huchomwa sindano ya filgrastimu kila siku kwa siku 4 au 5. Dawa hiyo huzifanya seli shina zitoke kwenye mifupa na kuingia katika damu, na mifupa ya kiuno na ya kifua huuma, maumivu kama ya mafua makali. Kisha anakaa kwenye kiti cha kuegemea kwa saa kadhaa, damu ikitoka upande mmoja na kuingia kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi. Mashine inachuja tabaka jembamba la chembe linalohitajika, inarudisha damu iliyobaki upande wa pili. Midomo huwasha na vidole hufa ganzi, kwa sababu dawa ya kuzuia damu isigande hupunguza kalisi, na muuguzi humpa vidonge vya kalisi. Kinachopatikana ni mfuko mdogo wa majimaji mekundu yaliyofifia. Lengo la chini ni seli shina milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa.

Mfuko hugandishwa kwenye nitrojeni ya maji, au, pale ambapo hakuna mtambo huo, huwekwa kwenye jokofu la nyuzi 4 kwa siku chache tu, na dawa kali hupangwa zimalizike haraka kabla seli hazijachoka. Madaktari wa Mexico na wa Algeria wameitumia njia ya jokofu kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yao. Mimi naona hii ndiyo habari muhimu kuliko zote kwa nchi zetu, kwa sababu inaondoa kisingizio kwamba bila mitambo ya mabilioni hatuwezi kuanza. Mfuko uliogandishwa unapoyeyushwa na kurudishwa mwilini, chumba hujaa harufu kama ya kitunguu saumu au mahindi ya kopo. Ni harufu ya dawa iliyozilinda seli zisipasuke kwenye barafu, na mgonjwa huipumua siku nzima. Ndugu waliokaa naye wasiogope. Hakuna kilichooza.

Zipo hali ambapo seli za mgonjwa hazitoshi. Limfoma imerudi hata baada ya upandikizaji wa kwanza. Au ni aina fulani za limfoma ya chembe T zinazojulikana kwa ukaidi. Au saratani imeingia kwenye uloto wenyewe. Hapo hutafutwa mtu mwingine, kwa sababu kinga ya mtu mwingine inaiona limfoma kama adui na kuishambulia. Faida hiyo ina bei yake, maana kinga ileile inaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa: ngozi, utumbo, ini. Huu ndio ugonjwa wa pandikizo dhidi ya mwenyeji, na ndio uliowaua wengi katika miaka ya mwanzo. Katika nchi tajiri, tangu miaka michache iliyopita, baadhi ya wagonjwa hupewa kwanza chembe zao za kinga zilizofundishwa maabara kuisaka saratani. Tiba hiyo bado iko mbali na mgonjwa wa Bujumbura, kwa hiyo nitabaki na mchangiaji.

Mwili hutambua kilicho chake kwa alama zinazoitwa HLA, ambazo mwanzo wake uligunduliwa na Mfaransa Jean Dausset mwaka 1958. Alama hizi hurithiwa kama kifurushi, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Hesabu yake ni rahisi. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana nawe kikamilifu, nafasi 2 kati ya 4 ya kulingana nusu, na nafasi 1 kati ya 4 ya kutolingana kabisa. Ukiwa na ndugu 3 wa namna hiyo, uwezekano wa kumpata angalau mmoja anayelingana kikamilifu ni asilimia 58 hivi. Ukiwa na 6, unafika asilimia 82. Familia kubwa, ambazo wataalamu wa uzazi wa mpango wametusema kwa ajili yake miaka mingi, hapa ni hazina.

Ila hesabu hiyo inataka ndugu wenyewe wawepo. Kinama na Kamenge zilichomwa na vita vya miaka ya 1990. Watu waliuawa, wengine wakakimbia. Wapo wakazi wa hapa ambao kaka yao yuko kambi ya Nyarugusu upande wa Kigoma, dada yao Uvira, na mdogo wao ameshapelekwa Marekani au Canada kama mkimbizi. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na aliye na ndugu Kigali akapata mlima mwingine wa kupanda. Kumtafuta mchangiaji katika familia kama hiyo huanza kwa simu nyingi usiku kabla haijafika maabara. Natamani madaktari wanaoandika orodha ya ndugu waulize pia wako wapi, wana karatasi gani za kusafiria, na nani anayejua namba zao.

Jambo jingine linahitaji busara. Kipimo cha HLA kinaweza kufichua kwamba mtoto hakuzaliwa na baba anayedhaniwa. Watoto wa baba mmoja wenye mama tofauti, jambo la kawaida katika nyumba zetu, wanaweza kulingana nusu tu, na maabara itatarajia hivyo kama imeambiwa. Lakini pale ambapo siri ilifichwa kwa miaka 30, karatasi moja inaweza kuvunja ndoa ya wazee wakati mtoto wao yuko kwenye hatari ya kufa. Kila ndugu apewe majibu yake peke yake, chumbani, na akubali au akatae kuchangia bila shinikizo. Mpimaji anayesoma majibu ya familia nzima mbele ya shangazi na wajomba anafanya kosa ambalo hakuna dawa inayolirekebisha.

Kama hakuna ndugu anayelingana, Mzungu wa Ujerumani hugeukia daftari la dunia, lenye wachangiaji zaidi ya milioni 40. Kwa Mwafrika daftari hilo lina kurasa chache. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mtu mwenye asili ya Ulaya ana asilimia 75 ya uwezekano wa kumpata mchangiaji anayelingana kikamilifu katika daftari la nchi hiyo; kwa mwenye asili ya Afrika, asilimia 18 tu. Sababu ni mbili. Waafrika waliojiandikisha ni wachache, na kwa kuwa binadamu wameishi Afrika muda mrefu kuliko popote, Waafrika wana alama za aina nyingi zaidi kuliko watu wa mabara mengine. Afrika Kusini ina daftari lake, lililoanzishwa mwaka 1991, na bado halitoshi kwa bara zima.

Ndipo tunapofika kwenye dawa iliyobadilisha mambo, na dawa hiyo tunaifahamu. Siklofosfamidi ni miongoni mwa dawa ambazo Burkitt alianza kuwapa watoto wa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadhi ya uvimbe uliokuwa umefunga jicho ukayeyuka baada ya dozi moja au mbili. Ni dawa ya zamani, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bei yake si ya kutisha. Katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Leo Luznik, Ephraim Fuchs na wenzao walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kuitumia kwa namna nyingine: wanapandikiza uloto wa mtu anayelingana nusu tu, wanasubiri, kisha siku ya 3 na ya 4 wanampa mgonjwa dozi kubwa ya siklofosfamidi.

Siku hizo hazikuchaguliwa ovyo. Ukishaingiza uloto wa mtu mwingine, chembe T zake zinazouona mwili mpya kama adui huamka na kugawanyika kwa kasi, na kilele cha kuamka huko ni kama siku ya 3. Siklofosfamidi huua zaidi chembe zinazogawanyika. Zile zilizoamka kwa hasira ndizo zinazokufa. Zilizotulia, ambazo baadaye zitapigana na virusi, nyingi hubaki. Na seli shina zenyewe zina kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo, kwa hiyo huokoka. Kwa njia hii baba anaweza kumpa mwanawe, mtoto akampa mama yake, na ndugu wa baba mmoja wakasaidiana, kwa sababu mzazi na mtoto siku zote hulingana nusu. Mwaka 2023 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba njia hii huwafaa hata wenye mchangiaji anayelingana kikamilifu: baada ya mwaka mmoja, asilimia 52.7 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi na bila shambulio kubwa la pandikizo, dhidi ya asilimia 34.9 ya waliopewa dawa za zamani za kuzuia shambulio hilo.

Kwa mgonjwa wa Kinama, basi, tatizo la kumpata mchangiaji mara nyingi hugeuka kuwa tatizo la kuchagua kati ya wengi. Familia hupenda kumtoa mkubwa: baba, au kaka wa kwanza, kwa heshima ya nafasi yake. Dawa haijali heshima hiyo. Kijana wa miaka 22 ana seli bora kuliko mzee wa 58, na umri wa mchangiaji ni kati ya mambo yanayopimwa kwa uzito zaidi. Mwanamke aliyezaa mara nyingi amekutana na alama za watoto wake wakati wa ujauzito, na chembe zake za kinga zinazikumbuka; mgonjwa akiwa mwanamume, hatari ya shambulio huongezeka, kwa hiyo dada aliyezaa watoto 5 huachwa kama yupo kaka kijana. Akiwa yeye ndiye pekee, anafaa, na wengi wamepona kwa uloto wa namna hiyo.

Kinachoweza kumkataza mchangiaji kabisa ni kingamwili alizonazo mgonjwa mwenyewe dhidi ya alama za mtu huyo. Kingamwili hizo zikiwa nyingi, uloto mpya unaweza kukataliwa, na mgonjwa akabaki bila damu yoyote. Zinatoka wapi? Kwenye ujauzito, na kwenye kuongezewa damu. Hapa ndipo desturi yetu nzuri inaweza kutudhuru. Mgonjwa anapopungukiwa damu hospitali za Bujumbura, ndugu hujitokeza mbio kutoa. Upendo huo usielekezwe kwenye mshipa wa mgonjwa. Kaka ambaye kesho atahitajika kutoa uloto asimpe mgonjwa damu yake leo. Atoe katika benki ya damu, na mgonjwa apewe ya mtu mwingine. Zaidi ya hapo, damu ya ndugu wa karibu ina chembe T ambazo mwili wa mgonjwa dhaifu hushindwa kuzitambua kama ngeni, nazo zinaweza kuanzisha shambulio ambalo kwa kawaida huua. Ndiyo maana vituo vya upandikizaji huipitisha damu kwenye mionzi kabla ya kumpa mgonjwa.

Kundi la damu, ambalo wengi huliuliza kwanza, lina uzito mdogo kuliko wanavyofikiri. Mchangiaji wa kundi tofauti anakubalika, na miezi kadhaa baadaye mgonjwa hubadilika kundi. Mchangiaji mwenye nusu ya vinasaba vya selimundu anaweza kuchangia bila shida. Mwenye ugonjwa wenyewe haruhusiwi kuchomwa filgrastimu. Mchangiaji hupimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, na kwetu apimwe malaria, kwa sababu vijidudu vyake vinasafiri ndani ya mfuko. Na ile hofu kwamba anayetoa uloto atadhoofika au atakosa watoto, iondoke kwenye mazungumzo ya ukumbini. Uloto hujijaza tena katika wiki chache. Nguvu za kiume na uzazi haviguswi.

Kuzuia madhara kunaanzia nyumbani, miezi kabla ya safari ya kwenda kupandikizwa nje ya nchi. Mgonjwa atazamwe meno, maana jino bovu ni mlango wa vijidudu siku chembe nyeupe zitakapoisha. Apimwe homa ya ini B hata kama hajawahi kuugua, kwa sababu kirusi kilicholala huamka wakati kinga imeanguka, na dawa ya kumeza kila siku huzuia hilo. Apigwe picha ya kifua na kuulizwa kama aliwahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu. Kwenye nyumba za Kinama, ambako watu 8 hulala vyumba 2, jibu mara nyingi ni ndiyo. Apewe ivermektini ya kuua minyoo ya udongo inayoweza kukaa kimya miaka mingi na kulipuka mtu akianza dawa za kushusha kinga. Kuwa na Virusi vya Ukimwi si sababu ya kukataliwa: wagonjwa wa limfoma wanaotumia dawa vizuri wamepandikizwa seli zao na matokeo yakalingana na ya wengine. Kuhusu chanjo ya homa ya manjano inayodaiwa mipakani: imetengenezwa na kirusi hai, hivyo asichomwe kwa ajili ya kupata kadi tu. Daktari amwandikie barua ya msamaha.

Hospitalini kuna mambo madogo yenye nguvu kubwa. Mgonjwa anayepewa melfalani, mojawapo ya zile dawa kali, akinyonya vipande vya barafu kabla ya dawa, wakati inaingia na baada yake, mishipa ya mdomoni husinyaa, dawa haifiki sana, na vidonda vya kinywa hupungua. Barafu ya maji safi, basi. Kunawa mikono kwa kila anayeingia kunaokoa maisha kuliko antibiotiki yoyote ya bei ghali. Asiklovia huzuia tutuko na mkanda wa jeshi, flukonazoli huzuia fangasi, na baadaye kotrimoksazoli, kidonge ambacho kila zahanati ya Kinama inakifahamu, huzuia aina ya nimonia iliyokuwa ikiwamaliza waliopandikizwa. Na sheria moja haina mjadala: joto likifika nyuzi 38 kabla chembe nyeupe hazijarudi, antibiotiki iingie mshipani ndani ya saa moja. Mgonjwa asisubiri asubuhi. Asimeze dawa ya malaria ya kubahatisha huku akingoja.

Kisha anarudi nyumbani, na hapa vitabu vya Ulaya havitusaidii sana. Kwa miezi ya mwanzo ale vya moto vilivyoiva vizuri: maharage, ugali, ndagala waliopikwa wakaiva, matunda yanayomenywa. Maziwa yachemshwe, hata yakiwa ya ng'ombe wa jamaa. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Nyumba ikikarabatiwa, ahamie kwingine mpaka vumbi litulie, kwa sababu vumbi la ujenzi hubeba fangasi wa mapafu. Ajikinge na jua kali, maana jua huweza kuamsha shambulio la ngozi. Aliyepewa uloto wa mtu mwingine ajichunguze kila asubuhi: vipele viganjani na nyayoni, kuharisha maji, macho ya njano. Kimoja kikitokea, aende siku hiyohiyo.

Kinga ya zamani imefutika, kwa hiyo chanjo zote za utotoni hurudiwa, kuanzia miezi michache baada ya upandikizaji. Zile za virusi hai, kama ya surua, husubiri angalau miaka 2 na ruhusa ya daktari. Watoto wa nyumba hiyo wachanjwe zote kwa wakati, maana wao ndio ngao yake. Jihadharini tu na matone ya polio, kama yale yaliyotolewa mwaka 2023 mlipuko ulipotangazwa Burundi: mtoto ayapate, lakini kwa wiki kadhaa mgonjwa asimbadilishe nepi wala kumtawaza.

Burundi bado haipandikizi uloto. Kabla ya mipaka kufungwa, wagonjwa wetu walikuwa wakivuka kwenda Butaro nchini Rwanda, kituo cha saratani kilichofunguliwa mwaka 2012, kwa matibabu ya dawa, na wenye uwezo huenda India. Tanzania imeshaanza: Muhimbili tangu mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu, wakipokea uloto wa ndugu zao. Kazi hiyo ya Dodoma ndiyo hasa shule ya kuchagua mchangiaji katika familia za Kiafrika, na limfoma inaweza kuingia kwenye wodi zilezile.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Wizara za afya za nchi hizi zikae, ziandike mkataba wa wazi: mgonjwa wa limfoma kutoka Kinama na mchangiaji wake wapokelewe Dar es Salaam au Dodoma kwa bei ya mwananchi, wapewe hati za kuvuka pamoja hata kama mmoja wao ni mkimbizi, na madaktari wa Bujumbura wafundishwe kumpokea mgonjwa anaporudi. Mpaka mkataba huo uandikwe, wewe mwenye mgonjwa nyumbani andika leo majina ya ndugu zake wote wa baba na mama, umri wao na mahali walipo, na usimruhusu hata mmoja wao kumpa damu.